Vidonge vya manjano, himu na saratani ya utumbo: jibu kwa msomaji wa Langoni

Swali: Assalaam aleikum daktari. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Baba yangu ni fundi wa majahazi. Aligunduliwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 58, akafanyiwa operesheni Mombasa, na sasa yuko kwenye kemo. Ami yangu amemletea chupa ya vidonge vya manjano, kile kiungo cha mchuzi, vilivyochanganywa na pilipili manga. Anasema vinapandisha kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini) kinachovunja himu ya damu, na kimeng'enya hicho ndicho kinga ya saratani. Kaka yangu, mwenye miaka 41, amesoma kinyume chake: kwamba kimeng'enya hichohicho kimejaa ndani ya uvimbe wa saratani, na wataalamu wanatafuta dawa ya kukizima. Nani msema kweli? Baba ameze au asimeze? Na sisi watoto wake, tuache nyama?

Jibu: Waaleikum salaam, binti yangu. Mungu amjaalie baba yako nafuu. Naanza na lile lisiloweza kungoja: asivimeze hivyo vidonge mpaka daktari wake wa kemo aishike hiyo chupa mkononi na kusoma kilichoandikwa. Manjano ya mchuzini haina neno, ale kama alivyozoea. Yaliyobaki ni maelezo ya kwa nini nasema hivyo, na ni marefu kidogo, kwa sababu ami yako na kaka yako wote wawili wamesema kweli. Kila mmoja ameshika ncha moja ya kamba.

Himu ni kitu kidogo sana chenye umbo la pete, na katikati ya pete hiyo mna chembe moja ya madini ya chuma. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake na ndiyo inayoshika oksijeni. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikichakaa humezwa na seli za wengu na ini, na himu yake hubaki ikitafuta pa kwenda. Ikiwa imefungwa ndani ya protini haina shida. Ikiwa huru ni shari, kwa sababu chuma chake huchochea oksijeni kali zinazounguza mafuta ya kuta za seli. Mwili hauwezi kuiacha himu izurure.

Kazi ya kuivunja ni ya kimeng'enya kiitwacho himu oksijinezi. Mwaka 1968 watafiti watatu nchini Marekani, Raimo Tenhunen, Harvey Marver na Rudi Schmid, walieleza jinsi kinavyofanya kazi. Huikata ile pete, na katika kuikata hutoka vitu vitatu: chuma, gesi ya kaboni monoksidi kwa kiasi kidogo mno, na rangi ya kijani iitwayo biliverdini. Muda si mrefu ile kijani hugeuzwa kuwa manjano, nayo huitwa bilirubini.

Kazi hiyo umeshaiona kwa macho yako. Nikiwa na miaka 9 nilianguka kutoka juu ya punda karibu na Mkunguni, paja likavilia damu. Bibi alikuwa akilitazama kila asubuhi. Siku za mwanzo lilikuwa jeusi lenye zambarau, kisha likaingia kijani ukingoni, mwisho likawa rangi ya ndizi mbivu. "Likishakuwa kijani," aliniambia, "lapoa." Miaka mingi baadaye, chuoni, nilipochorewa ile pete ubaoni na mshale ukielekea kwenye biliverdini, nilimkumbuka Bibi. Alikuwa akiusoma mwendo wa kimeng'enya juu ya ngozi ya mtoto bila kujua jina lake.

Kimeng'enya hiki kina sura mbili. Kuna HO-2 (HO ni kifupi cha himu oksijinezi), ambacho kipo wakati wote, hasa kwenye ubongo na korodani. Na kuna HO-1, ambacho hupanda pale seli inapoumia: ikikosa oksijeni, ikishambuliwa na vijidudu, ikipata sumu, au himu ikizidi. Ami yako anazungumzia HO-1, na kaka yako vilevile. Jeni yake hukaliwa na protini iitwayo Bach1, ambayo huizuia isifanye kazi. Himu ikiongezeka humshika huyo Bach1 na kumwondoa, kisha protini nyingine, Nrf2, huingia na kuiamsha. Manjano huingilia hapo. Kile kiini chake, kukumini, humgusa yule anayemfungia Nrf2, naye Nrf2 huachiwa. Kwa hiyo ami hakutunga. Katika vyombo vya maabara, ukizimwagia seli kukumini, HO-1 hupanda kweli.

Na ni kweli pia kwamba HO-1 ni mlinzi. Mwaka 1999 madaktari wa Japani walieleza habari za mtoto wa miaka 6 aliyezaliwa bila HO-1 inayofanya kazi. Alikuwa na upungufu wa damu, hakukua vizuri, na kuta za mishipa yake ya damu zilikuwa zimeharibika. Hatimaye alifariki. Asiye na kimeng'enya hiki hana ngao.

Sasa tuje kwenye utumbo, maana ndipo penye hoja. Hakuna sehemu nyingine ya mwili inayopokea himu kwa njia mbili kama utumbo. Njia ya kwanza ni chakula. Nyama nyekundu ina himu nyingi. Sehemu yake huingia ndani ya seli za mwanzo wa utumbo mwembamba, himu oksijinezi huifungua, chuma kikapelekwa kwenye damu. Ndiyo maana chuma cha nyama hufyonzwa vizuri kuliko cha mchicha. Ile himu isiyofyonzwa huteremka mpaka utumbo mpana, nako huwasha ukuta, huunguza mafuta, na husaidia kutengenezwa kwa kemikali zinazojeruhi jeni. Panya wa maabara waliolishwa himu walipata dalili nyingi zaidi za mwanzo za saratani ya utumbo mpana, na walipoongezewa madini ya kalisi zile dalili zikapungua. Njia ya pili ni damu yenyewe: kidonda, bawasiri, minyoo, uvimbe. Damu inayovuja ndani huleta himu ileile.

Kwa hiyo katika utumbo mzima, usio na saratani, HO-1 ni baraka. Hutuliza uvimbe wa kidonda, huondoa himu, huzuia seli zisiungue. Hata tumboni yapo hayo. Yule bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, ambaye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka mwaka 1994 katika kundi la visababishi vya saratani, ana silaha iitwayo CagA ambayo huidunga ndani ya seli za tumbo. Watafiti wameonyesha maabara kwamba HO-1 huipunguza makali silaha hiyo.

Tatizo ni kwamba mlinzi huyu haulizi anamlinda nani.

Seli ikishageuka kuwa saratani, nayo ina dhiki zake. Inakua haraka kuliko mishipa inayoilisha, inakosa oksijeni, inazungukwa na askari wa kinga ya mwili, na baba yako akipewa kemo inamwagiwa sumu. Zote hizo ni dhiki zinazomwita HO-1. Akija hufanya yaleyale aliyozoea kuyafanya. Kwa seli nzima ingekuwa rehema, ila sasa faida inakwenda kwa adui. Bilirubini inazima zile oksijeni kali ambazo zingeiua seli ya saratani. Ile kaboni monoksidi kidogo inaizuia seli isijiue na inachochea mishipa mipya ya damu. Na seli walaji wa kinga wanaojikusanya ndani ya uvimbe, wakiwa na HO-1 nyingi, huwapoza askari wengine ambao ndio hasa wangeushambulia.

Ndiyo maana kaka yako amekuta maandishi yanayosema HO-1 imejaa ndani ya uvimbe. Katika saratani za tumbo, utumbo mpana, kongosho na ini, mara nyingi hupatikana imepanda kuliko kwenye nyama nzima iliyo jirani. Mwaka 2005 watafiti wa saratani ya kongosho walionyesha kwamba dawa ya kemo iitwayo gemsitabini na tiba ya mionzi vilikipandisha kimeng'enya hiki ndani ya seli za saratani, na kwamba seli zilizozimiwa HO-1 zilikufa kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo kaka asifikiri hesabu imekwisha. Kwa saratani ya utumbo mpana, ile hasa ya baba yenu, tafiti zimegongana. Zipo zilizokuta wagonjwa wenye HO-1 nyingi ndani ya uvimbe waliishi muda mrefu zaidi, na zipo zilizokuta kinyume. Mimi sioni ajabu. Kwenye kinyama kimoja kilichokatwa kupimwa zimo seli za saratani, seli walaji, seli za mishipa, na HO-1 ya kila mmoja ina maana yake. Hata ndani ya seli moja, kimeng'enya hiki kikikatika mkia huweza kuhama makao yake ya kawaida na kuingia kwenye kiini cha seli, na huko hakivunji himu tena bali hugusa jeni. Ukihesabu vyote kwa pamoja ukaandika "nyingi" au "kidogo", umechanganya pweza na ngisi katika pishi moja.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikimbilie kusema zima au washa. Nilitaja kwamba HO-1 hutoa chuma. Chuma kikitoka polepole huhifadhiwa salama. Kikitoka kwa wingi ghafla, huiua seli kwa aina ya kifo ambayo wanasayansi waliipa jina la feroptosisi mwaka 2012, yaani mafuta ya kuta za seli kuungua kwa sababu ya chuma. Kwa hiyo HO-1 ikipanda kiasi humwokoa adui, ikipanda kupita kiasi huweza kumwua. Wapo wanaotafuta dawa kwa mlango huo pia. Si jambo la kupimwa kwa kijiko jikoni.

Na lipo lililonishtua zaidi ya yote niliyosoma juu ya habari hii. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti, moja la New York na jingine la Sweden, yalichapisha matokeo juu ya saratani ya mapafu. Sweden waliwapa panya wenye saratani vitu vinavyozima oksijeni kali, vikiwemo vitamini E. New York waliangalia seli ambazo Nrf2 yake imeachiwa moja kwa moja, na HO-1 ikapanda. Pande zote mbili himu ilipungua, Bach1 asipate wa kumwondoa, akabaki na nguvu, na saratani ikasambaa zaidi. Ni mapafu, si utumbo, na sehemu kubwa ni panya. Lakini njia iliyoelezwa ndiyo ileile ambayo vidonge vya ami vinadai kuichochea. Mtu mwenye saratani mwilini, au aliyetoka tu kukatwa na huenda mabaki madogo yakawepo, sioni haki ya kumwambia aijaribu njia hiyo.

Dawa za kuzima HO-1 nazo zipo, si ndoto. Ni pete zilizofanana na himu ambazo katikati zimewekwa bati au zinki badala ya chuma. Kimeng'enya hushika pete hiyo kikashindwa kuikata. Ile ya bati imewahi kupewa watoto wachanga kwa majaribio, ili kupunguza umanjano unaowapata siku za mwanzo, na kwa panya wenye saratani imejaribiwa pamoja na kemo, kinga yao ikaamka. Kwa saratani ya utumbo haijawa tiba ya kuandikiwa mgonjwa. Akitokea mtu Malindi au Mombasa anawauzia, mkataeni.

Nirudi kwenye chupa. Kukumini peke yake haifyonzwi vizuri. Ukila manjano nyingi huishia chooni. Watengenezaji wanajua hilo, ndiyo wakaweka pilipili manga. Kiini cha pilipili manga hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini vinavyosafisha dawa mwilini, kukumini ikabaki ndani muda mrefu na kwa wingi. Lakini ini halijui kwamba mlikusudia manjano tu. Dawa nyingine anazomeza baba, pamoja na zile za kutuliza kichefuchefu au shinikizo la damu, baadhi yake hupita mlango huohuo. Tena ini lenyewe limewahi kuumia: mwaka 2019 nchini Italia walipatikana watu waliovimba ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na mwaka 2022 madaktari wa Marekani wakaeleza wagonjwa 10, mmoja wao alifariki. Mtu aliye kwenye kemo hupimwa ini mara kwa mara, na vipimo vikiharibika kemo husimamishwa. Umejionea mwenyewe safari ya mashua mpaka Mokowe, halafu basi mpaka Mombasa, na baba kachoka. Kufika huko mkaambiwa "leo hatuwezi kumpa dawa, ini limepanda" ni hasara isiyolipika.

Mwambieni ami kwa heshima. Alichofanya ni mapenzi kwa ndugu yake, na pesa zake zimekwenda. Mimi ningemwomba aichukue chupa mwenyewe, afuatane na baba kliniki, amuulize daktari. Akisikia kwa masikio yake itakuwa bora kuliko akisikia kwenu nyinyi watoto.

Sasa juu yenu. Kama kuna faida moja ya kuielewa himu ambayo ningependa kila nyumba ya Lamu na Malindi iipate, si ya kuipandisha wala kuishusha. Ni kuisoma inapojitokeza. Mjomba wangu alikuwa akitoa damu akienda haja, miezi na miezi, na kila mtu, nikiwemo mimi niliyekuwa mwanafunzi, alisema ni bawasiri. Haikuwa bawasiri. Sijalisahau hilo.

Damu ikivuja juu, tumboni, himu yake hugeuzwa njiani na choo hutoka cheusi kama lami, chenye harufu kali. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukifanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo usitishike ukiwa unavimeza, lakini usijifariji navyo kama humezi. Damu ikivuja upande wa kulia wa utumbo mpana huenda usione kitu kabisa. Unachoona ni mzee anayehema akipanda ngazi za msikiti, viganja vimepauka, kipimo kinasema damu imepungua na chuma hakuna. Mwanamume mtu mzima kupungukiwa chuma si "uchovu" wala "uzee". Utumbo wake uangaliwe. Na ile rangi ya kahawia ya choo cha kila siku ni bilirubini iliyogeuzwa na bakteria, yaani ni mabaki ya kazi ya himu oksijinezi. Choo kikipauka kama udongo mweupe, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa manjano na mwili ukawasha, maana yake ile bilirubini imezibiwa njia ya nyongo. Wakati mwingine ni jiwe. Wakati mwingine ni uvimbe wa kichwa cha kongosho. Watu huja wakiwa wameshakunywa dawa za miti wiki sita "kutoa manjano". Wiki hizo ni ghali.

Ipo pia njia ya kuitafuta damu isiyoonekana. Kipimo cha zamani cha choo hunusa himu yenyewe, kwa hiyo mtu aliyekula mishkaki jana anaweza kuonekana ana damu kumbe ni ya ng'ombe. Kipimo kipya hutafuta protini ya damu ya binadamu, mishkaki haikisumbui. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua hicho.

Lakini nyinyi si watu wa kipimo cha choo peke yake. Mzazi wenu aligunduliwa kabla ya miaka 60. Mwongozo unaotumika sana kwa watoto na ndugu wa tumbo moja ni kupitishwa kamera ya utumbo mpana ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa mgonjwa, kinachotangulia ndicho kifuatwe. Kwa baba yenu hiyo ya pili ni 48, kwa hiyo 40 ndiyo inayotangulia. Kaka yako ana 41. Amesoma mengi mazuri juu ya HO-1. Aandike pia tarehe ya kamera. Wewe kama hujafika 40, weka akilini, na usingoje umri huo ukiona damu au choo kimebadilika wiki kadhaa. Ndugu wa baba wanahusika vilevile, ami mwenyewe akiwemo, na huenda hakuna aliyemwambia.

Nyama hamna haja ya kuiapia. Mwaka 2015 IARC iliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la visababishi vya saratani, na ikakadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Nyama nyekundu yenyewe ikawekwa daraja la chini yake, yaani "kuna uwezekano mkubwa". Soseji, ukweli ni kwamba mmezichukua kutoka mjini, haziwapunguzii kitu mkiziacha. Nyama ya mbuzi ya Ijumaa au ya sikukuu ileni. Na nyinyi mna bahari. Samaki wengi wenye nyama nyeupe wana himu kidogo. Jodari ndiye mwekundu, naye si wa kila siku. Pweza damu yake hata si nyekundu, ni buluu, kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba badala ya himu.

Baba akiweza kula, mpeni supu ya pweza, na manjano kijiko kidogo kama mlivyozoea.